Kumi na Tatu Ilikosa Nini?

Jioni moja ya mwezi wa tano, mtoto wa jirani yetu hapa Bel-Air alikuja na daftari lake la hesabu. Yuko darasa la sita na anajitayarisha kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu alikuwa amewaagiza watafute *nombres premiers* zote kutoka 1 hadi 20. Mtoto alikuwa ameandika: 1, 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19. Nikamwambia kwamba kazi ni nzuri, ila afute 1. Akashangaa.

“Yaya, moja njo *premier*. Mbili njo *deuxième*.”

Hakuwa mjinga. Alikuwa amefuata neno alilopewa. Ukimwambia mtoto kwamba kuna namba zinazoitwa “za kwanza”, ana haki gani ya kuiacha moja nje? Kifaransa kilikuwa kimempoteza, nami, mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika, nilifurahi kidogo moyoni. Nikaona nafasi yangu imefika. Nikamwambia: tuache Kifaransa, nikueleze kwa lugha yetu. Katika vitabu vya Kiswahili vya Tanzania namba hizi zinaitwa *namba tasa*.

“Tasa njo nini, yaya?”

Hapo ndipo nilipojikwaa. Neno hilo halisikiki sana mitaani Lubumbashi. Ilinibidi nilitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Nikasema: “Ni mwanamuke mwenye hazalake. Ngumba.”

Mtoto akatazama daftari lake. “Sasa kumi na tatu ni ngumba? Ilikosa nini?”

Mama mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu, akichagua nyanya za kuuza kesho yake. Aliolewa miaka tisa, hakupata mtoto, ukoo wa mume ukamrudisha kwetu na mizigo miwili. Neno nililolitaja ndilo walilomwitia siku ile. Hakuinua kichwa. Nami nikaendelea kueleza hesabu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyevunja sahani akijifanya anafagia.

Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Akasema niandike, ila nisimtaje jina.

Hoja yangu ni hii: jina *namba tasa* ni baya kwa sababu mbili, na sababu ya pili isingetosha bila ya kwanza. Kwanza, linasema uongo kuhusu namba zenyewe. Pili, linamchoma mtu ambaye hana deni na hesabu. Jina ambalo ni kweli lakini linauma tungeweza kulivumilia. Jina lisilouma lakini la uongo tungeweza kulirekebisha polepole. Lenye makosa yote mawili sioni kwa nini tulipokee likiwa limefungwa tayari, bila kulifungua.

Tuanze na uongo. Namba ya aina hii ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. 13 ni mojawapo. 15 siyo, kwa sababu ni 3 mara 5. Nadhani aliyebuni *tasa* aliwaza hivi: ukiifungua 15, ndani yake zinatoka 3 na 5, kama watoto, ukiifungua 13, haitoki kitu. Picha hiyo ina mantiki yake. Lakini imepindua ukoo. 3 na 5 si watoto wa 15, ni wazazi wake. Zinakutana, zinazidishana, 15 inazaliwa. Kwa hiyo 13 haikosi mtoto: 26, 39, 52, 65 na nyingine zisizo na mwisho zinatokana nayo. Kitu ambacho 13 haina ni wazazi.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Ni nguzo ya hesabu nzima. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni ya aina hii, ama imeundwa kwa kuzidisha namba za aina hii, na kwa njia moja tu ukiacha mpangilio. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5; hakuna njia nyingine. Hapo pia ndipo lilipo jibu la mtoto kuhusu 1: tukiiruhusu iingie, 60 itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, bila kikomo, na ule upekee utapotea. Wagiriki walilijua jambo hili kwa sehemu kubwa. Euclid, yapata miaka 2300 iliyopita, aliziita namba hizi kwa neno lenye maana ya “kwanza”, na akathibitisha kwamba haziishi: orodha yoyote utakayoandika, ipo nyingine nje yake. Kilatini kikafuata, Kifaransa kikafuata, na Kiarabu nacho kinaziita “za kwanza”. Neno hilo humpoteza mtoto kuhusu 1, lakini angalau linaelekea upande wa kweli: hizi ndizo zinazotangulia, nyingine zinatokana nazo. Kiswahili ndicho kilichozipa jina la asiyezaa.

Sasa sikilizeni habari ya namba kubwa kuliko zote za aina hii zilizofahamika hadi 2024. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Mmarekani Luke Durant aliipata akiwa katika mradi wa watu wa kujitolea wanaounganisha kompyuta zao, mradi ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Ukiandika 2, ukaizidisha kwa 2 tena na tena mpaka ziwe 2 zipatazo 136,279,841, kisha ukatoa 1, ndiyo hiyo. Ina tarakimu 41,024,320. Mtu akizisoma moja kila sekunde, bila kulala wala kula, atamaliza baada ya siku 475 hivi. Tukiichapa katika jarida letu, tarakimu 3,000 kwa ukurasa, tutahitaji kurasa zaidi ya 13,600, na mhariri atajiuzulu.

Ukubwa huo hauzuii kuijua. Mimi nisiyeweza kuiandika naweza kuwaambia tarakimu yake ya mwisho. Vizidisho vya 2 huishia kwa 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia: 2, 4, 8, 16, 32, 64… Ukigawa 136,279,841 kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo tuko mwanzo wa mzunguko, kwenye 2. Toa 1: namba inaishia kwa 1. Na mtu akiiandika kwa mtindo wa kompyuta, wa alama 0 na 1 tu, haitakuwa na 0 hata moja: ni 1 zilizopangwa mstari mmoja, 136,279,841 kamili.

Namba za umbo hili, 2 ikizidishwa yenyewe mara kadhaa kisha ikatolewa 1, zina jina la padri Mfaransa Marin Mersenne, aliyeandika juu yake mwaka 1644. Ili iwe *nombre premier*, ni lazima idadi ya 2 nayo iwe *nombre premier*. Lakini hilo peke yake halitoshi. Kwa 2 tano tunapata 31, na ni sawa. Kwa 2 saba tunapata 127, na ni sawa. Kwa 2 kumi na moja tunapata 2047, ambayo ni 23 × 89. Imeanguka. Kwa hiyo kila moja inahitaji kupimwa.

Na kipimo chake ni kitu cha kustaajabisha, kwa sababu hakijaribu kugawa hata kidogo. Kilianzishwa na Mfaransa Édouard Lucas katika karne ya 19 na kurahisishwa na Mmarekani Derrick Lehmer katika karne ya 20. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2. Gawa kwa namba unayoipima, shika baki tu. Rudia. Tuipime 31, yenye 2 tano. Tunarudia mara tatu, yaani tano kasoro mbili. 4 × 4 kasoro 2 ni 14. 14 × 14 kasoro 2 ni 194; ukigawa kwa 31 inabaki 8. 8 × 8 kasoro 2 ni 62. Ukigawa kwa 31 inabaki 0. Baki la mwisho likiwa 0, namba imefaulu. Kwa ile kubwa ya 2024, hatua zinazohitajika ni 136,279,839. Ni kazi ya mashine, lakini kanuni ni ile ile niliyoifanya sasa hivi kwa kalamu.

Nimefika ninapotaka. Euclid alionyesha kwamba kila namba ya Mersenne iliyofaulu inazalisha namba nyingine ya ajabu, iitwayo kamilifu: namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe. 3 inatoa 6, kwa kuwa 1 + 2 + 3 ni 6. 7 inatoa 28, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. 31 inatoa 496. 127 inatoa 8128. Na ile yenye tarakimu milioni 41 inatoa kamilifu yake, yenye tarakimu karibu mara mbili. Hatuijui kamilifu yoyote iliyozaliwa kwa njia nyingine. Haya, ndugu zangu, tuambiane: nani aliyeitwa tasa hapa?

Najua pingamizi zitakazotolewa. Nimezisikia baadhi katika korido za kitivo, na ninaziheshimu.

La kwanza linasema kwamba jina ni alama tu. Saussure ametufundisha mwaka wa kwanza kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa mazoea. Mtoto wa Dodoma akisikia *namba tasa* haoni mwanamke yeyote, kama vile mtoto wa Paris haoni “kwanza” katika *premier*. Hilo lina ukweli. Lakini neno likikopwa kutoka lugha ya kawaida na kupewa kazi ya kitaalamu, linakuja na mizigo yake, na mizigo hiyo hushuka pole pole, tena si kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Mtoto wangu wa Bel-Air alikuwa ameona “kwanza” ndani ya *premier*. Ndiyo maana aliandika 1. Kumbe mazoea hayakuwa yamefika kwake. Shule ni kwa ajili ya wale ambao mazoea hayajawafikia.

La pili linatoka kwa wenzetu wa Sayansi: wanahesabu hawajali majina. Wananisimulia habari ya Frank Nelson Cole. Mwaka 1903, mjini New York, inasimuliwa kwamba alisimama mbele ya chama cha wanahesabu wa Marekani, akaandika ubaoni namba ya Mersenne yenye 2 sitini na saba, yaani 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Matokeo yakawa yale yale. Akaketi, hakuwa ametamka neno, na ukumbi ukapiga makofi. Ni hadithi nzuri. Ila Cole aliweza kunyamaza kwa sababu kila aliyekuwa ukumbini alikuwa amekwisha kufundishwa kwa maneno. Jaribu kunyamaza mbele ya darasa la sita.

Na si kweli kwamba wanahesabu hawajali. Descartes, mwaka 1637, aliziita namba fulani *imaginaires*, za kufikirika tu, kwa sababu hakuziamini. Jina likabaki. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1831, Gauss, mmoja wa wakubwa kabisa wa fani hiyo, alilalamika kwamba kiza kilichozifunika namba hizo kimeletwa na majina mabaya, akapendekeza mengine. Hakufanikiwa, jina la Descartes lingali linatumika. Hilo linanifundisha kwamba jina la kitaalamu ni rahisi kulizuia mlangoni kuliko kulitoa likiwa limekwisha kukaa.

La tatu ndilo zito. Watanzania wamefanya kazi ambayo sisi hatujaifanya. Tangu 1967, walipoamua kufundisha shule ya msingi kwa Kiswahili na kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, wamebuni maelfu ya istilahi, wamechapa vitabu, wamefundisha vizazi. *Shufwa* na *witiri*, kwa mfano, ni maneno ya Kiarabu yaliyokuwa tayari kinywani mwa Waislamu wa pwani. Yakapewa kazi ya kutofautisha namba kama 8 na namba kama 7. Nani basi amempa mwanafunzi wa Lubumbashi, ambaye nchi yake bado inafundisha hesabu kwa Kifaransa baada ya madarasa ya mwanzo, haki ya kuja kukosoa neno moja? Na je, hatutavunja umoja wa lugha?

Nakubali deni. Sikubali kwamba deni linafunga mdomo. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vitabu vya Kiswahili vitakuja, na ni vizuri vije. Swali ni kama tutavipokea kama wateja au kama wenye lugha. Kiswahili cha Lubumbashi si Kiswahili kilichoharibika. Ferrari, Kalunga na Mulumbwa wamekiandikia sarufi na msamiati katika kitabu cha 2014, na kila mwanafunzi wa kitivo hiki anapaswa kukisoma. Sisi tunasema *makumi mbili* pale pwani wanaposema *ishirini*, na mtoto wetu anaona kumi mbili ndani ya neno bila kufundishwa. Katika Kibemba, kinachosikika kila siku hapa mjini, 8 ni *cinekonsekonse*, nne pande zote mbili. Katika Ciluba, 7 ni *mwanda mutekete* na 8 ni *mwanda mukulu*, mdogo na mkubwa wa jamaa moja. Lugha zetu zina desturi ya kuipa namba jina linaloonyesha jinsi ilivyoundwa. Desturi hiyo ndiyo ningependa tuiingize katika istilahi, na hiyo ni kuongeza lugha, si kuivunja.

Kuna wenzangu ambao, tukifika hapa, huutaja mfupa wa Ishango. Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Kivu Kaskazini. Umri wake ni kama miaka 20,000 au zaidi, na leo umehifadhiwa Brussels. Una mikato iliyopangwa katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19: *nombres premiers* zote zilizo kati ya 10 na 20, wala hakuna nyingine. Basi wenzangu husema: mnaona, babu zetu walizijua kabla ya Wagiriki. Ningependa iwe hivyo, lakini siwezi kulisema. Safu nyingine ina 9, 19, 21 na 11, na 9 na 21 zinagawika kwa 3. Wapo wataalamu walioona kalenda ya mwezi katika mikato hiyo. Kuzijua namba hizi kunahitaji wazo la kugawa na kushindwa kugawa, na mikato inatuonyesha kuhesabu tu. Tuseme kilicho kweli: mtu alikaa kando ya ziwa letu, akahesabu kwa makini, akapanga alichohesabu. Hilo ni kubwa, halihitaji chumvi. Kwangu mimi mwanaisimu, linaloniuma ni kwamba mikato imebaki na maneno yamepotea. Hatutajua kamwe mtu yule aliiitaje 13.

Ya kwetu tunaweza kuijua. Siku mbili baada ya jioni ile, mama mukubwa aliniita. Alikuwa na nyanya mbele yake, akazihesabu 13, akaanza kupanga mafungu chini kama anavyopanga sokoni. Mbili mbili, moja ikabaki. Tatu tatu, moja ikabaki. Nne nne, moja ikabaki. Tano tano, zikabaki tatu. Sita sita, moja ikabaki. Akaniuliza kama ndiyo ile namba ya juzi. Nikasema ndiyo. Akasema yeye anaijua siku nyingi: ni hesabu inayokulazimisha kutoa matabishi, kwa kuwa lazima nyanya moja imfuate mnunuzi bure. Kisha, akiendelea kupanga, akasema: “Haikatale kuzala. Inakatala tu kugabulwa.”

Sikumjibu. Nilikwenda chumbani nikaandika sentensi ile nyuma ya daftari la mofolojia. Mama mukubwa alimaliza darasa la nne. Alichosema ni ufafanuzi sahihi, na kimetofautisha mambo mawili ambayo istilahi yetu imeyachanganya: kuzaa na kugawika.

Basi tuite nini? Nimejaribu majina matatu. *Namba isiyogawika* ni sahihi karibu, lakini ni ndefu, na ni ya kukana: inasema kitu ambacho namba haikifanyi, haisemi inachokifanya. *Namba mzizi* inanivutia, kwa sababu katika darasa letu mzizi ndio kipande ambacho huwezi kukikata tena bila kuua maana: *-pig-* katika *piga*, *pigana*, *pigisha*. Lakini mwanafunzi wetu aliyepita Kifaransa atafikiria *racine carrée*, na tutakuwa tumemtoa shimo moja na kumtia jingine. Limebaki la tatu, *namba shina*. Shina ni pale matawi yanapoanzia. Ni neno fupi, ni la Kibantu, na linafanya kazi zaidi ya moja: tunaweza kusema “mashina ya 60 ni 2, 2, 3 na 5”, na mtoto akaelewa bila maelezo kwamba 60 imeota kutoka hapo. Linganisheni na *vigawo tasa vya 60*: kigawo kilichoizaa 60, lakini ni tasa. Na 1 haina tatizo tena, kwa sababu hakuna kinachoota ukizidisha kwa 1.

Najua walimu wangu wa mofolojia watasema kwamba shina katika isimu laweza kukatika, mzizi ndio usiokatika, kwa hiyo nimechagua neno lisilo sahihi kwa fani yangu mwenyewe. Wana haki. Ninajibu tu kwamba mtoto wa darasa la sita hajasoma mofolojia, ameona mwembe. Wakileta neno bora kuliko langu nitaliacha langu siku hiyo hiyo. Sipiganii *shina*. Ninapigania kwamba istilahi, kabla ya kuchapwa, ipelekwe uani, itamkwe mbele ya watu watakaoitumia na wale watakaoisikia tu wakiwa wamekaa karibu. Aliyebuni *namba tasa*, nina hakika, hakuwa mtu mbaya. Labda tu hapakuwa na mwanamke kama mama mukubwa ndani ya chumba kile.

Kwa hiyo nina ombi kwa kitivo. Kila Jumamosi ninawasaidia watoto sita wa mtaa wetu katika hesabu. Kuanzia mwezi ujao nitawafundisha sura hii kwa makundi mawili: watatu kwa *namba shina*, watatu kwa Kifaransa cha shule, kisha nitawauliza wote kama 1 imo na kwa nini. Watoto sita hawathibitishi kitu. Lakini tukiwa wanafunzi ishirini, kila mmoja na mtaa wake, Kenya, Katuba, Ruashi, Kamalondo, tukaandika maswali yale yale na majibu yale yale, tutakuwa na jambo la kuwapelekea wenzetu wa Dar es Salaam, na hawatatuona tumekuja mikono mitupu. Anayetaka kushiriki aache jina lake kwa wahariri.

Mtoto wa jirani alifuta 1. Pembeni ya 13, kwa kalamu ya risasi, nimeona ameandika: *haikukosa*.